Wakifukuzana, Toa

Juzi usiku mwanangu wa mwisho, yule yule wa maswali, aliniletea daftari lake la Hisabati. Basi linaondoka Tabora kwenda Kigoma saa 12:00 asubuhi kwa mwendokasi wa kilomita 60 kwa saa. Gari dogo linaondoka hapo hapo saa 2:00 asubuhi, kwa njia ile ile, likienda kilomita 90 kwa saa. Litalipata basi saa ngapi? Nilichukua penseli, nikaziita x saa ambazo gari dogo limetembea, nikaandika 90x = 60(x + 2), kwa kuwa pale litakapolipata basi, yote mawili yatakuwa yamekwenda umbali mmoja. Ikabaki 30x = 120, na x ikawa 4: saa 6:00 mchana, kilomita 360 kutoka Tabora. Aliitazama ile 30 kwa muda, kisha akauliza, "Mama, kwa nini tumetoa 60 kwenye 90, wakati magari yote yanakwenda mbele?"

Jibu ninalo tangu mwaka 1991, nilipokuwa darasa la sita, ila lina sura ya mtu, ndiyo maana huwa silitoi.

Mwalimu wetu alitufundisha mafumbo hayo kwa wimbo: "Wakikutana, jumlisha, wakifukuzana, toa." Ya kukutana niliyaweza bila shida, maana hata mtoto anaona kwamba watu wawili wakijiana, kila mmoja anampunguzia mwenzake njia. Ya kufukuzana yalinishinda. Ikiwa mwizi anakimbia na anayemfukuza anakimbia, kuna nini hapo cha kutoa? Nilitoa kwa kuogopa fimbo tu.

Likizo ya Juni bibi alinichukua twende Kigoma kwa treni, daraja la tatu, mimi nikikaa dirishani. Tulisimama Kaliua, pale inapochepuka reli ya Mpanda, na wauzaji wakajaa chini ya madirisha na mayai, mihogo na asali katika chupa zilizozibwa kwa magunzi ya mahindi. Bibi hakuwa mtu wa kununua kitu kabla hakijapita puani mwake. Alinusa, akaonja kwa ncha ya kidole, akaikataa chupa ya kwanza, akaikubali ya pili. Muuzaji, kijana wa miaka kumi na minne hivi aliyevaa shati la shule lisilo na vifungo, aliona bibi yu taabani na fundo la pindo la kanga yake, akaomba ruhusa akahudumie behewa la nyuma kwanza. Fundo lilikuwa halijafunguka kichwa cha treni kilipopiga honi.

Noti mbili za shilingi mia zilipofika mkononi mwangu, zikiwa bado na joto la kiuno cha bibi, treni ilikuwa imeshaanza kujivuta, na yule kijana alikuwa anakuja mbio juu ya kokoto. Mwanzoni sura yake ilikuwa inakua. Kandambili moja ilimvuka, hakugeuka. Akafika usawa wa dirisha letu, na hapo ndipo akasimama. Miguu yake ilikuwa inakimbia, miti nyuma yake ilikuwa inakimbia, lakini uso wake ulitulia mbele yangu, umbali wa mkono mmoja, hausogei mbele wala haurudi nyuma, kana kwamba amekaa nasi kwenye benchi. Niliyaona matone ya jasho juu ya mdomo wake. Ukiutoa mwendo wa treni kwenye mwendo wake, nilijiambia, hakibaki kitu.

"Toa!" bibi alikuwa anapiga kelele. "Toa hiyo hela, mjukuu wangu, mpe mtoto wa watu chake!"

Nami nilisikia toa ya mwalimu.

Uso ule ulianza kurudi nyuma, polepole mno, kama mtu anayejisogeza kumpisha mgeni. Nilipozinduka na kunyoosha mkono, alikuwa ameshafika kwenye dirisha la pili nyuma yetu, na vidole vyake vilikuwa vimenyooshwa vile vile.

Ukubwani nimempigia hesabu mara nyingi kuliko inavyostahili. Tuseme treni ilikuwa inakwenda kilomita 12 kwa saa, yeye 18, na alikuwa nyuma kwa mita 10: tofauti ni kilomita 6 kwa saa, yaani mita 100 kwa dakika, kwa hiyo sekunde 6 zilimtosha kutufikia. Lakini mwendokasi wa kitabuni haubadiliki, na treni inayoondoka stesheni haina tabia hiyo. Ilipofika 18 tofauti ikawa sifuri, na sifuri hiyo ndiyo niliyokodolea macho. Ilipopita 18 tofauti ikawa hasi. Mtihani wa darasa la saba ulipokuja na fumbo la kufukuzana, nililipata bila kuimba.

Bibi alizifunga zile noti katika fundo la peke yake. Asali tuliila. Tuliporudi tulipita Kaliua usiku. Bibi akatoa kichwa dirishani na kumweleza kila aliyekuwa pale habari za kijana wa asali mwenye shati la shule, mpaka mama mmoja wa chai akasema anamfahamu, ni mtoto wa jirani. Bibi akampa zile mia mbili.

Hayo yote nilimsimulia mwanangu, nikachora na treni, nikachora na kijana. Alisikiliza mpaka mwisho, na ile 30 akawa ameisahau kabisa.

"Na yule mama wa chai," akauliza, "alimpa kweli?"

Nilimwambia aandike jibu: saa 6:00 mchana.