Siku niliyomsomea mzee barua za Whitefield

Kipindi hicho nakaa Savannah, Georgia, napiga shifti za usiku kwenye ghala. Kanisani kwetu kulikuwa na mzee mmoja Mmarekani mweusi, mwalimu mstaafu, macho yameshaanza kumsumbua, basi akawa ananiomba nimpeleke maktaba nikamsomee. Siku hiyo akasema leo tunamsoma Whitefield. Nikasema sawa mzee, huku huyo mtu simjui kabisa.

Kwa wasiomjua kama mimi, George Whitefield alikuwa kasisi wa Anglikana, Mwingereza, alikuja Georgia 1738 koloni likiwa bado changa, watu wanakufa wanaacha watoto, akaamua kujenga kituo cha yatima. Akapewa ekari 500 nje ya mji, ujenzi ukaanza 1740, akakiita Bethesda. Hela alichangisha kwa mahubiri na jamaa alikuwa na mdomo si mchezo. Benjamin Franklin mwenyewe, yule mmoja wa waasisi wa Marekani, kasimulia alivyokwenda kumsikiliza akiwa ameapa hatoi hata senti, maana alishamshauri kituo kijengwe Philadelphia kuliko kusafirisha vifaa na mafundi mpaka Georgia, jamaa akagoma. Basi mahubiri yalivyokolea Franklin akaona atoe sarafu za shaba, mara aongeze na za fedha, mwisho akakung'uta mfuko mzima na dhahabu yake. Nilicheka mpaka dada wa maktaba akanikata jicho.

Tukaanza na hesabu za kituo, maana alizichapisha 1741, michango iliyoingia na matumizi, paundi, shilingi, peni. Maandishi ya zamani yale s inafanana na f kwa hiyo nasoma kama mwenye kigugumizi, mzee ananisahihisha hata karatasi haangalii. Mi nikaanza kumpenda huyu mtu jamani, mchungaji anaanika hesabu hadharani! Wa siku hizi ukimuuliza hesabu anakwambia una pepo.

Mzee akasema, "Subiri. Fungua barua za Machi 1751."

Georgia ilianza ikiwa imepiga marufuku utumwa, hiyo sikuijua, na marufuku ikaondolewa mwaka huohuo 1751. Kumbe mmoja wa waliopigia debe iondolewe ni huyuhuyu baba wa yatima. Kwenye barua anasema hana shaka kabisa kwamba kumiliki watumwa ni halali, anamtaja na Abrahamu, eti nchi za joto hazilimiki bila weusi. Na kabla hata sheria haijabadilika alishanunua shamba South Carolina na watumwa wake, ili Bethesda ipate chakula.

Nikanyamaza. Mimi mtoto wa Bagamoyo, nimekulia karibu na misheni ya mapadri waliofika 1868, kwetu hadithi ni kwamba watoto walikombolewa utumwani wakalelewa pale (walilimishwa shamba pia, hilo bibi yangu hakuacha kulisema). Huku naona mtu anakwenda kununua watumwa ili alishe yatima, yaani kichwa kilikataa.

Mzee akaomba wosia, Whitefield alifariki 1770. Anamwachia Bethesda mama mmoja tajiri wa Uingereza, Countess wa Huntingdon, na anaorodhesha: majengo, ardhi, weusi, vitabu, fanicha. Hivyohivyo, kwa mpangilio huo. Mzee akaniambia rudia. Nikarudia. Akaniambia tena, taratibu.

Kwenye gari nikamwambia lakini mzee, watoto si walikula? Akasema walikula ndiyo, ila usiniambie hakukuwa na njia nyingine, kuna Wajerumani walikuwa Ebenezer, juu kidogo ya mto huuhuu wa Savannah, wana kituo chao cha yatima kabla ya Bethesda, wanalima wenyewe kwenye jua hilohilo, na mchungaji wao Boltzius alipinga utumwa miaka mingi. Na Whitefield alifika pale akaona kwa macho yake! Mi nikasema labda deni lilimzidi, mzee akagonga dashibodi, "Deni? Nani hana deni?" Tukabishana hivyo mpaka mlangoni kwake, na mimi shifti inaningoja. Akashuka, akageuka, akaniambia wiki ijayo tunaomba shajara za Boltzius, zimetafsiriwa Kiingereza na ziko juzuu nyingi, nije nimelala vizuri.