Shakwe wa Igombe

Jioni za Machi, kijiwe chetu cha kahawa pale Kirumba, Mwanza, kilikuwa na mabishano ya aina mbili. Meza ya mlangoni walikuwa wa Simba na Yanga. Meza ya ndani tulikuwa sisi, na ubishi wetu ulikuwa nani kaona ndege gani, wapi, saa ngapi, na ana uhakika gani. Tulikuwa wachache: mzee mmoja mwalimu mstaafu ambaye sote tulimwita Mwalimu, dada mmoja muuguzi, mimi, na kijana wa bodaboda. Huyu wa bodaboda aliingia kundini kwa njia yake. Alikuwa akimpeleka Mwalimu Luchelele kutazama ndege, anamsubiri kando ya pikipiki, mpaka siku moja akachoka kusubiri akaomba naye atazame.

Machi ndio mwezi wetu mtamu, ukifuatwa na Aprili. Ndege waliokimbia baridi ya Ulaya wanaanza kurejea kwao, huku kwetu masika yakipiga hodi. Watu wengi hudhani kilele ni Oktoba wanapofika. Mimi sikubali. Oktoba wanafika wamechakaa, na wengi bado wana manyoya ya rangi hafifu. Machi wanaondoka wamependeza. Mbayuwayu hubadilisha manyoya ya mbawa na mkia akiwa huku huku Afrika, kwa hiyo yule unayemwona kwenye nyaya za umeme Pasiansi mwishoni mwa Machi ana zile nyuzi mbili ndefu za mkia, nyembamba hadi unazipoteza ukipepesa macho. Na kuna buabua wadogo wa ziwani, wale wanaoelea juu ya mawingu ya usubi na kudonoa bila kutua. Wanakuja weupe, wanaondoka na kichwa, kifua na tumbo vyeusi tii. Ukiwakuta katikati ya mabadiliko wana mabaka kama shati lililomwagikiwa wino.

Jioni ninayoisimulia, kila mtu alileta chake. Dada muuguzi alitoka zamu akapita Bwiru, akasikia keremkerem wa Ulaya kabla ya kuwaona. Sauti yao hutangulia, unainua kichwa unawakuta wako juu sana. Mimi nilikuwa na mbayuwayu wangu wa Pasiansi. Mwalimu alikuwa na kubwa kuliko sote: kundi la korongo weupe juu ya Kisesa, wakizunguka kwenye hewa ya moto inayopanda kutoka mashambani, kisha wakaelekea kaskazini bila kupiga bawa. Korongo hawa ni wazito, safari yao yote wanaitegemea hewa hiyo, ndiyo maana asubuhi na mapema huwaoni wakisafiri. Mwalimu alieleza hayo kwa raha, tukaagiza kahawa nyingine.

Ndipo kijana akasema, "Mimi leo nilipeleka abiria Igombe. Nimeona shakwe mweusi mgongoni. Ana pete mguuni, na pete ina maandishi."

Mwalimu akaweka kikombe chini, maana pete kama hizo huvishwa na watafiti ili ndege atambulike akionekana kwingine. "Pete ya rangi gani? Mguu upi?"

"Mguu wa kulia. Rangi sikuiona vizuri, jua lilikuwa linanipiga usoni."

"Hukuona rangi, lakini maandishi uliyaona?"

"Mwalimu, mimi usiku nasoma namba ya gari linalokuja kunigonga. Nishindwe pete?"

Tulicheka, lakini Mwalimu alikuwa amekwisha kuchukua penseli. Akaandika tarehe, akaandika Igombe, na pembeni akaandika: haijathibitishwa. Kijana aliliona neno lile akanyamaza. Mimi nilikuwa upande wake, na sababu yangu ilikuwa ndogo tu. Dada alimuuliza miguu ya ndege mwenyewe ilikuwa ya rangi gani, akajibu bila kufikiri kuwa ni ya njano, si kama wale shakwe wetu wa kila siku wenye kichwa cha kijivu na miguu myekundu. Mtu anayebuni hakumbuki miguu.

Kesho yake alfajiri tulikwenda Igombe sote, Mwalimu akiwa amepakata darubini yake ya miguu mitatu kama mtoto mgonjwa. Ulikuwa wakati wa giza, mwezi haupo, kwa hiyo mitumbwi ya dagaa ilikesha ziwani na taa zake na sasa ilikuwa inapakua. Kina mama walikuwa wanamwaga dagaa juu ya nyavu na kuwatandaza kwa mikono. Ndege walijua ratiba hiyo kuliko sisi. Mwewe juu, yangeyange pembeni, korongo wale wenye mfuko shingoni wamesimama kama wadai.

"Mwangaluka, mayu," kijana alimsalimia mama mmoja mwenye fimbo ndefu. Mama akaitikia, akatazama darubini. "Nyie mnakuja kuwatazama, mimi nashinda nawafukuza."

Shakwe tulimpata kwenye jiwe, hatua chache kutoka majini, kati ya wenzake wadogo. Mkubwa, mgongo mweusi, mdomo wa njano wenye doa jekundu chini karibu na ncha. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, na mguu huo haukuwa na pete. Wa pili alikuwa ameukunja ndani ya manyoya ya tumbo. Mwalimu hakusema kitu, ila alimtazama kijana kwa jicho la mwalimu. Tukasubiri. Jua likapanda, dagaa wakaanza kung'aa, ndege hakujisumbua hata kutikisika.

Kijana akaondoka, akanunua fungu la dagaa wabichi, akarudi akalirusha mchangani. Shakwe akashuka mbio kwa miguu yote miwili.

Pete ilikuwepo. Ya plastiki, herufi na tarakimu zimepangwa wima. Na hapo ndipo nilipomheshimu Mwalimu upya, kwa sababu hakushangilia. Alitutaka kila mmoja achungulie peke yake, aandike alichokiona kwenye karatasi yake, asimwonyeshe mwenzake. Tulipolinganisha tulikubaliana kote isipokuwa herufi ya mwisho: mimi na Mwalimu E, dada F. Kijana akaweka simu yake kwenye kioo cha darubini akapiga picha nyingi, nyingi zikiwa za mchanga. Moja ikatoka safi. Ilikuwa E.

Maelezo tuliyatuma Helsinki, kwenye ofisi ya makumbusho inayoshughulikia pete za ndege wa Finland. Jibu lilipofika lilisema alivishwa akiwa kinda, ziwani huko huko Finland. Ukitazama ramani, nchi ile iko karibu kaskazini yetu kabisa; Helsinki na Mwanza zimeachana kilomita zinazokaribia 7,000 kwa mstari mnyoofu. Watafiti wa kwao waliwahi kuwafunga shakwe hawa vifaa vya setilaiti na kuona baadhi yao wanakuja kumaliza baridi Ziwa Victoria. Idadi yao huko imepungua, na kila pete inayosomwa ina thamani kwao. Mwalimu alifuta neno lake daftarini kwa raba, akapuliza vumbi, akaandika msimbo wa pete na jina la kijana kuwa ndiye mwonaji wa kwanza.

Kijana alichapisha jibu lile stationari, na safari yake ya kwanza ya Igombe akampelekea yule mama wa fimbo. Alimweleza yote: ndege ametoka mbali, amezaliwa Ulaya, anakuja hapa kila mwaka kisha anarudi kwao kutaga. Mama akaitazama karatasi, akauliza, "Kwani huko kwao hakuna samaki?"

"Wapo, mayu. Ila ziwa linaganda lote."

Mama akaguna, akainua fimbo kumfukuza mwewe. "Basi waambie hao waliokuandikia, mwakani akija aje na hela ya dagaa."