Madirisha 142 ya merikani na kanga

Nilipokuwa Tanga nilikuwa fundi wa madira, na kiraka kwangu kilikuwa kitu cha kuzibia nguo iliyochanika. Kukata kitambaa kizima vipande vipande halafu ukiunge upya, hilo sikulielewa mpaka nilipohamia Lowell, Massachusetts, mji uliokua kwa viwanda vya pamba na wenye makumbusho ya kwilti tupu. Kwilti ni blangeti la viraka: juu viraka vilivyoungwa kwa mpangilio, katikati pamba, chini kitambaa kizima, na tabaka zote 3 hushikwa kwa mishono.

Nilianza na mtindo wa Viraka Tisa, miraba 9 kwa safu 3. Halafu Kibanda cha Magogo, ambacho mpaka leo nakipenda kuliko vyote vya bapa. Unaweka mraba mdogo katikati, kwa desturi mwekundu, ndio moto wa nyumba, kisha unauzungushia vipande virefu kama magogo, nusu rangi za mwanga, nusu za giza.

Lakini kilichoniteka ni viraka vya kukunja, vile unavyoweza kuingiza kidole. Mtindo wa Bata Bukini Warukao niliupata siku moja: mstatili unaokunjwa katikati mara moja, ukabanwa kati ya miraba miwili, ukashonwa upande mmoja tu. Ukifungua, pembetatu inajitokeza yenyewe, na kila upande ina mfuko mdogo. Mtindo mwingine wa kukunja, Dirisha la Kanisa Kuu, ndio ulionitoa jasho.

Bibi mmoja jirani yangu, aliyeshona tangu utotoni, ndiye aliyenionyesha. Alisema linataka pamba isiyopaushwa, akafungua kabati, na mimi nikakijua kitambaa kabla sijakigusa. Merikani! Ile ile ya rangi ya maziwa, yenye vidoa vya mbegu za pamba. Na jina lake limetoka huku huku. Wafanyabiashara wa Salem, mwendo usiofika saa moja kwa gari kutoka kwangu, waliipeleka Zanzibar kwa merikebu, na mwaka 1833 Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said. Jioni ile nilimpigia mama.

“Shikamoo mama. Nashona merikani.”

“Marahaba mwanangu. Ile tuliyokuwa tukishonea mito? Basi umeikuta kwao.”

Nilinunua yadi 4, nikakata miraba 80 ya inchi 8 na nusu. Kila mraba unapindwa robo inchi pande zote, ubaki na inchi 8. Unakunja pembe 4 zikutane katikati, unapiga pasi, kisha unakunja tena pembe 4 mpya. Kinachobaki ni inchi 4 kamili, kizito kama kadi, na ndiyo maana kwilti hii haihitaji pamba ndani.

Kumi za kwanza niliziharibu. Nilikata kwa mkasi, kitambaa juu ya kitambaa, kama nilivyozoea kukata madira, na tofauti ndogo kabisa ya ukingoni ilipofika katikati ilikuwa tundu la kupitisha harage. Tena nilikuwa naburuta pasi. Kitambaa kilichokaa mshazari kinavutika, kwa hiyo kila nilipoburuta mraba uliondoka na umbo lake. Nilifumua zote. Nikakata kigezo cha boksi gumu, nikachora kwa penseli mmoja mmoja, na pasi nikawa naibonyeza na kuinyanyua, bila kuisukuma. Pembe zikakutana, nikazifunga katikati kwa mshono wa msalaba.

Miraba miwili ikiunganishwa, pale kwenye mpaka panatokea nafasi ya mraba uliosimama kwa pembe. Hapo ndipo kinapokaa kioo cha dirisha: kipande cha rangi cha inchi 2 na nusu. Kisha unakunja kingo za merikani juu yake na kuzishona kwa mkono. Ule mshazari ulionitesa kwenye pasi sasa unakuwa msaada, maana ukingo unapinda wenyewe kama upinde, bila kukatwa. Mara ya kwanza kuuona ukijipinda chini ya dole gumba langu, niliweka sindano chini nikautazama tu.

Vioo nilitaka viwe vya kitenge, nikajuta. Kitenge kizito kinavimba chini ya ukingo na mshono unakataa kulala. Mama akanitumia kanga zake kuukuu, nyepesi, zilizofuliwa mpaka hazitoi rangi tena, na hizo zilikaa kama zimezaliwa humo. Kila dirisha lilinichukua karibu nusu saa. Kwa safu 8 za miraba 10 yanatoka madirisha 142, kwa hiyo nilishona majira yote ya baridi, kwa ajili ya mjukuu wangu wa kwanza.

Sehemu zenye maandishi ya kanga niliziacha mwisho, nikiogopa kukata jina. Nikazikata. Dirisha la pembeni kabisa, chini kulia, lina herufi 3 tu. Nilimtumia mama picha yake, na kabla sijamweleza lolote akanisomea jina zima la kanga ile, na duka alilonunulia, na nani alikuwa naye siku hiyo.