Meredith Gardner: kutoka telegramu za siri za Warusi hadi nasaba ya Uskoti

Meredith Gardner alistaafu mwaka 1972 kutoka shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, na kazi yake kubwa ikaendelea kuwa siri kwa miaka mingine 23. Serikali ilitangaza mradi huo wa kufumbua telegramu za siri za Warusi, ulioitwa Venona, Julai 1995 tu. Alifariki tarehe 9 Agosti 2002, akiwa na miaka 89. Tanzia zake zilitaja mambo mawili aliyoyashughulikia uzeeni: fumbo la maneno la gazeti la Times la London, na kufuatilia nasaba ya familia yake huko Uskoti. Hilo la pili ni rahisi kulipita kama burudani ya mzee. Mimi nalichukulia kwa uzito, kwa sababu nasaba inadai macho yaleyale yaliyosoma telegramu za Warusi.

Tazama kazi yenyewe. Warusi walikuwa na kitabu cha msimbo ambamo kila neno lina namba yake. Namba hizo zilipangwa tarakimu tano tano, kisha zikajumlishwa na tarakimu za kubahatisha kutoka kwenye karatasi ya ufunguo, iliyopaswa kutumika mara moja tu. Kujumlisha huku hakuna kubeba: 4 na 9 ni 3, si 13. Msimbo 31742 ukijumlishwa na ufunguo 58296 unatoka 89938. Ufunguo usiporudiwa, hakuna wa kuusoma ujumbe huo. Lakini mwanzoni mwa 1942, vita vikiwa vimewabana, Warusi walichapa maelfu ya kurasa za ufunguo mara mbili. Sasa ujumbe mwingine, msimbo 60415, ukapita kwenye ufunguo uleule na kutoka 18601. Toa 18601 kwenye 89938 bila kukopa: 71337. Toa 60415 kwenye 31742 vivyo hivyo: 71337. Ufunguo umejifuta wenyewe, na kilichobaki ni tofauti ya misimbo miwili tu.

Gardner, mtaalamu wa lugha aliyejua hata Kisanskriti na Kilithuania, alikijenga upya kitabu hicho neno kwa neno bila kuwa nacho mkononi. Maneno yasiyokuwemo kitabuni, yakiwemo majina ya Wazungu wasio Warusi, yaliandikwa herufi kwa herufi kwa jedwali maalumu, na Gardner alipolifungua jedwali hilo majina yakaanza kujitokeza. Tarehe 20 Desemba 1946 alisoma ujumbe wa 1944 wenye orodha ya majina ya wanasayansi wa bomu la atomiki.

Majina, basi. Anayefuata ukoo wa Uskoti huanza na Januari 1, 1855, siku uandikishaji wa lazima ulipoanza. Anza na cheti cha kifo cha babu, kisha urudi nyuma, kwa sababu cheti cha kifo cha Uskoti kinataja baba na mama, tena mama kwa jina la ukoo alikozaliwa. Tahadhari ni moja: habari hizo hazikutolewa na marehemu. Mkwe aliyetoa taarifa huenda hakuwahi kumwona bibi wa mkewe, yaani mama wa marehemu. Kwa hiyo linganisha na cheti cha ndoa, ambacho nacho kinataja wazazi wa pande zote mbili, na ambacho wahusika walijieleza wenyewe. Cheti cha kuzaliwa kinaonyesha pia tarehe na mahali wazazi walipooana, ila si kwa miaka ya 1856 hadi 1860. Kipengele hicho kiliondolewa, kikarudishwa 1861.

Kabla ya 1855 kuna rejesta za parokia, na hapo wengi hukwama. Kati ya 1783 na 1794 kulikuwa na kodi ya peni 3 kwa kila tukio lililoandikishwa, na maskini wengi hawakuandikisha. Mwaka 1843 kanisa liligawanyika, na watoto wa waliojitenga mara nyingi hawamo kwenye rejesta ya parokia. Sensa ya 1841 nayo ilishusha umri wa watu wazima hadi kizidisho cha tano: aliyeandikwa 40 huenda alikuwa na 44. Ukitafuta Gardner, tafuta pia Gardiner, Gairdner na Gairner. Tena watoto waliitwa kwa zamu, wa kwanza wa kiume kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama, ndiyo maana utakuta binamu watatu wenye jina moja katika kijiji kimoja. Usimchukue yeyote kati yao mpaka nyaraka mbili zisizotegemeana zikutane kwake.

Upande wa Marekani una mitego yake. Gardner alizaliwa Okolona, Mississippi, tarehe 20 Oktoba 1912. Jimbo hilo lilianza kuandikisha vizazi rasmi tarehe 1 Novemba mwaka huohuo. Kwa mtu aliyezaliwa siku hizo, tafuta sensa ya 1920 na cheti cha kuzaliwa kilichoandikishwa kwa kuchelewa. Sensa ya 1890 usiipotezee muda, karibu yote iliharibika kwa moto wa Januari 1921.

Na kama umestaafu na macho bado yanasoma mwandiko wa mkono, kuna kazi ya kujitolea inayokufaa. Sensa ya Marekani ya 1940 ilipofunguliwa Aprili 2012, zaidi ya watu 160,000 waliojitolea waliingiza kwenye kompyuta majina yapatayo milioni 132 kwa takriban miezi mitano. Kila ukurasa ulisomwa na watu wawili wasioonana, na wa tatu akaamua pale walipotofautiana. Anza na ukurasa mmoja. Soma kwanza herufi za majina ya kawaida, John na Mary, ujue karani huyo anavyokata J na M zake, ndipo uguse jina la ukoo. Andika kilichoandikwa, hata kama unaona karani amekosea tahajia, na pasiposomeka weka alama kwamba hapasomeki.