Jinsi nilivyobadilisha diski iliyokufa kwenye Ceph

Hapa Chumbageni, Tanga, tuna seva tatu za Ceph, programu inayohifadhi data kwa kuisambaza kwenye diski za seva nyingi, na kila data ina nakala tatu. Asubuhi moja nikakuta onyo, HEALTH_WARN: osd.7, yaani diski namba 7 kwa hesabu ya Ceph, iko chini, haifanyi kazi. Nikaisogelea seva, nikasikia diski ikigonga ta-ta-ta, kisha kimya.

Sikukimbilia kuichomoa. Diski ikikaa chini dakika 10, Ceph yenyewe huitoa kwenye hesabu na kuanza kujenga upya nakala zilizopungua kwenye diski nyingine. Nikasubiri mpaka mafungu yote ya data yasomeke active+clean, yaani nakala zake zimetimia, nikauliza kama ni salama kuifuta: `ceph osd safe-to-destroy 7`. Ikakubali.

Kisha nikaifuta: `ceph osd destroy 7 --yes-i-really-mean-it`. Wengi hutumia purge, inayoondoa hata namba ya diski, lakini destroy inakutunzia namba ileile, na mimi naipenda kwa hilo.

Hapa ndipo pa hatari: kuchomoa kwa makosa diski isiyo na tatizo badala ya iliyokufa. Lebo yenye namba ya utambulisho ya diski ilishafifia, nikaisoma kwa tochi ya simu, tarakimu moja moja, nikilinganisha na orodha ya diski ya `ceph device ls`.

Diski mpya ikaingia, nikaipa namba 7 ileile kwa `ceph-volume lvm create --osd-id 7 --data /dev/sdd`. Data ikaanza kurudi. Kabla ya adhuhuri: HEALTH_OK, kila kitu sawa.