Nilivyopima chai ya kijani kwenye seli za ngozi bila kudanganywa na peroksidi

Dondoo la chai ya kijani likiwekwa kwenye keratinositi, yaani seli za tabaka la juu la ngozi (nilitumia HaCaT, aina inayokuzwa maabara), karibu kila mara grafu itaonyesha kinga dhidi ya madhara ya oksidisho. Shida ni kujua kinga hiyo imetokea ndani ya seli au kwenye midia tu, yaani majimaji ya kukuzia seli.

Napanda seli 10,000 kwa kila kisima, sahani ya visima 96, naziacha saa 24 zishike. Dondoo langu ni EGCG, kemikali kuu ya chai ya kijani; naiyeyusha kwa DMSO (kiyeyushi) siku ileile. Ikishageuka kahawia naimwaga. DMSO haizidi asilimia 0.1, na visima vya kulinganishia vinapata kiasi hichohicho. Dozi zangu ni maikromola 1, 5, 10, 25 na 50, kwa saa 24. Muda huo ni mrefu makusudi: seli inahitaji saa kadhaa kuipeleka Nrf2 (protini inayowasha jeni za kujilinda) kwenye kiini na kutengeneza vimeng'enya vyake vya kujilinda.

Kisha naosha mara mbili kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa). Hatua hii usiiruke. EGCG iliyobaki kisimani huzima radikali (molekuli zinazodhuru seli) palepale, nje ya seli, nawe utasema seli zimekingwa.

Baada ya kuosha, naweka DCFH-DA (kemikali ambayo ndani ya seli hugeuka DCF inayong'aa ikioksidishwa) maikromola 10, dakika 30 gizani, naosha tena, halafu hidrojeni peroksidi maikromola 300 ya kuzishambulia seli. Hapa nilipoteza sahani tatu nzima: mwangaza haukupanda hata kwenye visima visivyo na dondoo. Chanzo kilikuwa piruveti ya kwenye midia, ambayo huila peroksidi kabla haijafika kwenye seli. Sasa natumia PBS yenye glukosi. Peroksidi yenyewe huchakaa chupani, hivyo naipima kwanza kwa nanomita 240: milimola 10, kwenye kuveti ya sentimita 1, isome karibu 0.44. Ikisoma 0.3, lebo ya chupa haina maana tena. Sahani naisoma kwa nanomita 485/530 (mwanga unaoingia/unaotoka), na namba zake nazichukua kama ulinganisho tu, maana DCF haiitikii peroksidi peke yake.

MTT, rangi ya njano ambayo seli hai huigeuza zambarau, nayo ina hila zake. Polifenoli (kundi la kemikali za chai, EGCG ikiwemo) huigeuza zambarau hata pasipo seli hata moja, kwa hiyo lazima viwepo visima vyenye dondoo bila seli. Mimi huhakikisha pia kwa kuhesabu seli kwa tripani bluu, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu.

Kwa maikromola 50 seli zilikufa kabla hata sijaweka peroksidi. Sikuishangaa sana: kwenye midia ya nyuzi 37 EGCG hujioksidisha yenyewe na kuzalisha peroksidi. Niliporudia nikiwa nimeongeza katalasi (kimeng'enya kinachovunja peroksidi), uniti 200 kwa mililita, pamoja na dondoo, seli zilipona. Siku hizi safu ya katalasi naiweka kwenye kila dozi, hata zile ndogo. Kinga ikitoweka katalasi ikiwepo, basi EGCG haikuwa ngao. Peroksidi kidogo iliyozaliwa nayo ndiyo iliyozishtua seli zikajiandaa.