Nilivyowapata wachora katuni chipukizi nikiwa Dodoma

Ukizunguka Dodoma mjini ukiulizia kitabu cha katuni, utaonyeshwa vitabu vya watoto vya kupaka rangi, na ukibahatika, gazeti lenye kibonzo ukurasa wa ndani. Maduka yetu ya vitabu yanaishi kwa vitabu vya shule na vya dini. Siwalaumu, ndivyo vinavyotoka. Lakini wachoraji wapo, tena wazuri. Rafu yangu sasa ina vijitabu vya hadithi za picha ambavyo havijawahi kuingia duka lolote, na kila ninayemwonyesha huniuliza nimevitoa wapi.

Mimi nimelelewa na jarida la katuni la Sani. Akina Ndumilakuwili, Madenge na Pimbi walipita mkono kwa mkono mpaka jalada likachanika. Aliyenunua mmoja, wasomaji mtaa mzima. Baadaye nikampenda Kingo wa James Gayo, na hadi leo kibonzo cha Masoud Kipanya nakitazama kabla sijasoma habari yoyote. Hao wameshajulikana. Kiu yangu ilikuwa kwa wale wasiojulikana bado: kijana anayechora hadithi nzima chumbani kwake, anatoa kopi steshenari, anawauzia rafiki zake, basi.

Kilichonifungulia njia ni saini. Mchoraji, hata awe mchanga kiasi gani, huacha jina lake kwenye kona ya kazi yake. Nikaanza kusoma kona: mabango ya afya kwenye zahanati, ubavu wa bajaji, kuta za saluni, matangazo ya matamasha yanayobandikwa maeneo ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Aliyeweza kuchora uso ukutani ukakuangalia, mara nyingi nyumbani ana daftari limejaa hadithi. Naipiga picha saini, kisha naitafuta Instagram. Nikiikosa huko, namuuliza mwenye saluni namba ya fundi wake, na sijawahi kunyimwa.

Nikishampata mmoja namuuliza: wewe unasoma nani? Swali hili limenipa vitabu vingi kuliko jingine lolote. Wachoraji wanafahamiana hata kama hawajawahi kuonana, wanatumiana kurasa WhatsApp, wanakosoana mikono na vidole (vidole ndivyo vinavyowatesa wote). Mmoja anakutajia wa Arusha, wa Arusha anakutajia wa Mbeya. Nikiwa Dar sikosi kupita Nafasi Art Space pale Mikocheni, ambako wasanii wana studio zao na unaweza kuuliza ana kwa ana.

Mwanafunzi mmoja wa UDOM nilimfikia kupitia tangazo la tamasha. Tulikutana Nyerere Square, akaniamkia, kisha akasita kufungua begi.

"Kaka, hiki si kitabu bado. Ni kopi tu."

"Kina mwanzo na mwisho?"

"Kinao."

"Basi ni kitabu. Nipe nione."

Zilikuwa karatasi za A4 zilizokunjwa katikati na kubanwa kwa pini mbili mgongoni, nyeusi na nyeupe tupu. Hadithi ni ya binti anayeuza karanga stendi ya Nanenane huku akimtafuta baba yake kwenye kila basi linaloingia. Kuna ukurasa mmoja ambao nimeurudia mara nyingi sana. Upepo wa Dodoma unaanza kuvuma. Fremu tatu hazina neno lolote. Vumbi limechorwa kwa nukta za kalamu, na kila fremu nukta zinaongezeka mpaka basi linapotea. Fremu ya nne ina sinia peke yake, limefunikwa khanga, na mkono umeikandamiza khanga isipeperuke. Ndoto za binti huyo amezichora kwa watu warefu wembamba wa michoro ya miambani ya Kolo, kule Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Mtu wa Dodoma akiuona ukurasa ule anajua papo hapo uko wapi.

Kibonzo cha gazeti kinatakiwa kimalize maneno yake kwenye fremu moja au tatu. Nani angempa kijana huyu ukurasa mzima wa vumbi na ukimya? Hakuna. Amejipa mwenyewe, kwa sababu karatasi ni yake na kopi kalipia yeye. Ndiyo maana navitafuta vijitabu hivi.

Kuna mambo ya uchapaji yatakayokusaidia kuvisoma kwa heshima inayostahili. Karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu kitakuwa na kurasa 8, 12, 16, 20 na kuendelea, na mchoraji analazimika kuibana au kuivuta hadithi ienee humo. Rangi ni ghali, ndiyo maana huishia kwenye jalada.

Bei anayotaja mchoraji naitoa bila kuipunguza hata shilingi. Mara nyingi nalipa kabla hajachapa, kwa sababu pesa yangu na za wenzangu wawili watatu ndizo zinazogharamia kopi zote. Toleo la kwanza nikiliona nalichukua hapo hapo, maana wengi hawafiki la pili. Wanapata kazi ya matangazo inayolipa, na hadithi inasubiri. Vya Dar huja kwa basi, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024 simkosi mtu wa kunibebea.

Kwa kazi za nje nafuata tuzo za Ignatz, zinazotolewa tangu 1997 kwenye tamasha la Small Press Expo huko Maryland, Marekani. Zimepewa jina la panya wa katuni ya George Herriman, na sisi tuliokua na Kipanya, yule panya wa Masoud, hilo linatupendeza. Wanaopiga kura ni waliohudhuria tamasha, na wana tuzo ya vijitabu vidogo na ya kipaji kinachochipukia. Nachukua majina ya walioteuliwa, si washindi tu, nawatafuta mmoja mmoja. Wengi huweka kurasa bure, na wengine huuza nakala za kusomea kwenye simu kupitia tovuti ya itch.io.

Ombi langu kwa atakayeanza: usipige picha kurasa zote ukazimwaga kwenye magrupu. Mwenye kopi thelathini za kuuza umemmaliza. Mimi natuma ukurasa mmoja, jina la mchoraji, na namba yake akiniruhusu. Ule ukurasa wa vumbi niliutuma kwenye grupu la kazini, na kabla ya jioni watu walikuwa wameshamtumia pesa ya toleo la pili, ambalo ndilo analolichora sasa.